Kabla Mtoto Hajaingia Gredi ya Kwanza Nairobi

Desemba ikielekea ukingoni, maduka ya sare katikati ya jiji hufurika wazazi, na ukiwasikiliza kwenye foleni utadhani maandalizi yote ya Gredi ya Kwanza ni sweta, viatu na begi lenye katuni. Sisi tunaofundisha gredi za chini tunajua kuwa sare ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Mtoto mwenye sweta kuukuu husoma vizuri tu. Anayeshindwa kusoma ni yule aliyebana mkojo tangu asubuhi kwa kuogopa choo, au anayekaa na kiu kwa kuwa kifuniko cha chupa kimemshinda na anaona haya kuomba msaada. Basi orodha yangu inaanzia kwa mtoto mwenyewe, duka litafuata.

Choo ndicho cha kwanza. Watoto wengi wa jiji hili wamezoea choo cha kukalia cha kwenye fleti, na wengine bado hutumia poti chumbani kwa sababu choo cha ploti ni cha watu wote na njia yake ina giza. Shuleni, hasa shule za umma, watakuta choo cha kuchuchumaa, mlango usio na komeo, na foleni ndefu wakati wa mapumziko. Mfundishe kuchuchumaa bila kushikwa mkono, kujipangusa, kupandisha suruali au taitsi mwenyewe, na kunawa. Mwekee karatasi ya chooni mfukoni, maana huwezi kuwa na hakika kwamba ataikuta. Mshipi mgumu na suruali ya vifungo vingi vinaweza kusubiri gredi za juu. Kisha kuna maneno yenyewe: "Mwalimu, naomba ruhusa niende msalani." Ayaseme nyumbani kwa sauti, tena na tena. Katika darasa la watoto hamsini na zaidi, jambo la kawaida katika shule nyingi za umma za Eastlands, mwalimu hawezi kuona kila anayejipinda kwenye dawati.

Kama bado mmezoea kumwambia "nitakusemea kwa mwalimu akuchape," acheni leo. Kwanza, si halali: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Pili, mtoto aliyetishiwa mwalimu likizo nzima hawezi kumwendea mwalimu huyohuyo Januari kumwambia kwamba tumbo linamuuma.

Sasa lugha. Sera ya elimu inasema kwamba hadi Gredi ya Tatu mtoto afundishwe kwa lugha inayotumika eneo analoishi, na mjini hapa hiyo huwa Kiswahili au Kiingereza. Utekelezaji hutofautiana kutoka geti moja hadi jingine, kwa hiyo uliza shule yako mapema mwalimu wa darasa huzungumza nini na watoto asubuhi. Kuna mtoto anayetoka nasari ya kibinafsi akijua Kiingereza tu, akifika shule ya umma anakuwa mgeni uwanjani, maana mchezo wote unaendeshwa kwa Kiswahili na Sheng. Na kuna wa upande wa pili, mjanja kupindukia mtaani, anayenyamaza kabisa mwalimu akisema "sit down". Wote wawili wanasaidika kwa mazungumzo ya kila siku nyumbani, bila tuisheni.

Palipo na shida kubwa zaidi, na ambapo mzazi anaweza kusaidia sana, ni kwenye herufi. Nasari nyingi hufundisha alfabeti kwa wimbo wa Kiingereza. Mtoto anakuja akijua kwamba herufi ya kwanza inaitwa "ei" na ya tano inaitwa "i". Mwalimu wa Kiswahili akiandika e ubaoni, yeye anasoma i. Ukimsomea imla neno "kiti" anaandika "kete", na haoni kosa lolote, kwa kuwa masikio yake yamefuata alichofundishwa. Wazazi humwona mzembe. Si uzembe hata kidogo: ana majina ya herufi ya lugha moja na sauti za lugha nyingine, na hakuna aliyemwambia kuwa ni vitu viwili.

Dawa yake haihitaji kitabu. Chukua irabu tano, a e i o u, mzitamke kwa Kiswahili mpaka zikae. Ongeza konsonanti chache, m, k, t, b na n zinatosha, mziunganishe: ba be bi bo bu, ma me mi mo mu. Kwa herufi hizo tu mtoto anasoma mama, baba, kuku, moto, tano, na furaha ya kusoma neno zima peke yake inamsukuma kutafuta jingine. Uzuri wa Kiswahili ni kwamba kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo silabi zikishakaa, mtoto hana cha kubahatisha. Kiingereza kitakuja na vituko vyake. Mwambie mapema kwamba huko herufi hubadilisha sauti, asishangae.

Jina lake alijue kuliandika, ila si kwa herufi kubwa tupu. Kila Januari tunapokea watoto walioandikishwa jina lote kwa herufi kubwa, na kulivunja zoea hilo huchukua muda ambao ungetumika kwa jambo jingine. Herufi kubwa mwanzoni, ndogo zilizobaki, basi. Kama penseli bado inamponyoka, usimwongezee kurasa za kuandika. Mpe minji abambue, mpe donge la unga wa chapati asukume, mpe makasi akate magazeti. Vidole vikipata nguvu, mwandiko utafuata. Hesabu nayo ifanywe kwa vitu: ahesabu viazi huku akigusa kimoja kimoja, atofautishe sarafu ya shilingi 5 na ya 10 na ya 20 anapotumwa kioski cha jirani. Kukariri hadi mia bila kugusa kitu ni wimbo tu.

Kipindi kimoja cha gredi za chini ni dakika 30. Mtoto aliyezoea simu hupata taabu kukaa hivyo, nami sina ushauri wa ajabu hapa: punguzeni simu, msomeeni hadithi, aketi asikilize mpaka mwisho.

Upande wa karatasi, cheti cha kuzaliwa ndicho kinachowakwamisha wengi. Wanafunzi husajiliwa kidijitali katika mfumo wa serikali, na cheti hicho ndicho msingi wa usajili. Asiye nacho aanze maombi kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, sasa, kabla ya msongamano wa Januari. Ukikipata, soma majina herufi kwa herufi. "Wanjiku" akiandikwa "Wanjiko", kosa hilo litamfuata hadi mtihani wa KPSEA wa Gredi ya Sita na zaidi, na kulirekebisha baadaye ni safari za ofisi kwa ofisi. Toa nakala kadhaa pamoja na kurasa za chanjo za kijitabu cha kliniki.

Mpeleke akapimwe macho na masikio. Mtoto asiyeona ubao vizuri hajui kwamba haoni. Anadhani kila mtu anaona ukungu uleule.

Chakula: uliza kama shule ina mpango wa Dishi na County, ulioanza 2023 katika shule za umma za Nairobi. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo, pesa huwekwa kwa simu, na mtoto hugusisha bangili ya mkononi kwenye mashine anapochukua chakula. Bangili hiyo ndiyo ya kumfundisha kuilinda, asibadilishane na rafiki wala kuivua kwenye mchezo. Kama shule haina mpango huo, mpe mkebe anaoweza kuufungua mwenyewe. Jaribu kwanza nyumbani, ukiwa umekaa mbali naye, mikono yako umeifunga.

Ununuzi sasa, kwa haraka. Usinunue vitabu vya kiada kabla hujapata orodha ya shule. Shule za umma hupokea vitabu kutoka serikalini, na za kibinafsi huwa na chaguo lao kutoka kwenye vile vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya serikali inayosimamia mitaala. Daftari za mistari mipana na za miraba zinafaa, penseli ziwe nyingi kwa sababu hupotea kila siku. Sweta zote zinafanana, hivyo shona jina ndani ya kola, kalamu ya wino hufutika ikifuliwa. Viatu vya kubandika ni bora kuliko vya kamba kwa mwaka wa kwanza. Halafu anza kuweka vifuniko vya chupa, maboksi, vijiti vya aiskrimu na magazeti ya zamani kwenye mfuko mmoja. Mtaala wa umilisi hupenda vitu hivi, na kazi ya kuvitumia huja saa mbili usiku, duka likiwa limefungwa. Jambo moja tu: kazi hiyo aifanye mtoto. Tunatambua mara moja mnara uliojengwa na baba.

Ripoti ya mwisho wa muhula pia ijue mapema. Hutaona namba ya nafasi darasani. Utaona kama mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake, kwa kila eneo. Swali la "amekuwa wa ngapi?" halina jibu, ila "anakwama wapi?" lina jibu, na mwalimu atafurahi kuulizwa.

Waliokwenda ushago Krismasi wasirudi Jumapili ya mwisho, nauli ikiwa imepanda na mtoto amelala juu ya magunia. Anahitaji angalau wiki moja ya kulala mapema. Wataalamu wa afya wanapendekeza saa 9 hadi 12 za usingizi kwa umri huu, na kama basi la shule humchukua saa kumi na mbili kasorobo, basi hesabu inaonyesha saa mbili usiku awe kitandani. Tembeeni pamoja njia ya shule, mwonyeshe pa kuvukia, na mpe mwalimu jina na namba ya simu ya kila anayeruhusiwa kumchukua. Mtoto naye awajue watu hao kwa sura. Siku wewe ukikwama kwenye msongamano wa Jogoo Road, atakuwa akijua ni nani wa kumshika mkono getini na ni nani wa kumkataa, hata akija na peremende.