Somo: Kuchagua mishale ya kuwindia kwa upinde wa paundi 40

Msimu wa upinde ukikaribia hapa Minnesota, inbox yangu hujaa swali moja tu: "Upinde wangu ni mwepesi, ninunue mshale gani wa kulungu?" Naandika leo mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia linki.

1. Pima uzito wa kuvuta (nguvu inayohitajika kuvuta kamba, ndizo hizo paundi 40) kwa mizani, usiamini stika ya upinde. Sheria hapa ni paundi 30 kwenda juu, Pennsylvania ni 35.

2. Pima urefu wa mvuto wako, yaani unavuta kamba nyuma inchi ngapi. Dukani watakusaidia.

3. Uzito wa mshale mzima, pamoja na kigumba (kichwa cha mshale): lenga greini 8 hadi 10 kwa kila paundi. Kwa paundi 40, hiyo ni 320 hadi 400 (greini 400 ni kama gramu 26). Mshale wa greini 400 ukienda futi 200 kwa sekunde unabeba nguvu ya kama futi-paundi 35, na jedwali la Easton, watengenezaji wa mishale, linaweka kulungu kati ya 25 na 41. Hutashinda kwa mbio, kwa hiyo shinda kwa uzito.

4. Spaini, yaani ugumu wa mshale. Hapa ndipo pesa za watu hupotea, someni polepole. Namba ya spaini inaonyesha mshale unavyopinda: 500 maana yake ulipinda nusu inchi ulipotundikwa uzito katikati. Namba ikiwa kubwa, mshale ni laini zaidi. Kwa paundi 40 na mshale wa inchi 28, mara nyingi utaangukia 500 au 600, ila jedwali la mtengenezaji ndilo lenye neno la mwisho. Sasa, mtu ananunua 600 kwa jedwali la kigumba cha greini 100, halafu anasikia uzito wa mbele ni mzuri, anafunga cha 150 na insati ya shaba (kipande cha ndani ya mshale kinachoshika kigumba) juu yake. Mshale uleule umegeuka laini kupita kiasi. Unatoka ukiyumba mithili ya samaki, na nguvu kidogo uliyonayo inaishia kwenye kuyumba badala ya kuzama. AMUA UZITO WA MBELE KWANZA, NDIPO UCHAGUE SPAINI. Na usikate mshale kabla ya kujaribu mmoja mzima: kukata kunaukaza, na ukiwa mfupi mno unaweza kuporomoka nyuma ya resti (kishikio cha mshale kwenye upinde) na kukutoboa mkono.

5. Kigumba: makali mawili, yasiyofunguka, yanayokata tangu kugusa. Vile vya kufunguka, ambavyo makali hutoka vikigusa mnyama, vinakula nguvu ambayo huna. Minnesota inataka upana usiopungua inchi 7/8.

6. Kila mara kabla ya kupiga, kunja mshale wa kaboni taratibu ukiusikiliza. Ukilia, tupa.

MASWALI

Mdau wa St. Cloud: Kaka nitajie jina la mshale tu, kusoma sina muda.
— Anza hatua ya 1.

Mdau wa Texas: Mimi natumia vya kufunguka na naua kila mwaka, acha kutisha watu.
— Upinde wako paundi ngapi?
Mdau wa Texas: 65.
— Kichwa cha somo kinasema 40.

Mama wa Rochester: Samahani kaka, navuta 38, inchi 26. Mishale ya mazoezi inapiga katikati, yenye vigumba inakwenda kulia. Nibadilishe spaini?
— Usinunue kitu bado, dada. Zungusha kila mshale juu ya kucha; kigumba kikitikisika, kimekaa vibaya. Vikiwa sawa, sogeza resti kidogo sana kuelekea inakopiga ya mazoezi, yaani kushoto, kisha piga tena. Resti ikihama sana bila nafuu, hapo ndipo tutazame spaini. Na mwenye mvuto mfupi asubiri kulungu akae ubavu kabisa, karibu. Niandikie matokeo.

Mdau wa Duluth: Babu zetu Ukambani walikuwa na pinde za mti, mbona hawakuhesabu greini?
— Swali tamu. Walikuwa na sumu ya msunguti, inayosimamisha moyo. Mshale ulihitaji tu kuifikisha kwenye damu. Hapa sumu ni marufuku, kazi yote ni ya makali. Noa mpaka yanyoe nywele za mkono.

Mdau wa Duluth: Desemba naenda Kenya, nibebe upinde?
— Uwindaji kule umepigwa marufuku tangu 1977. Uache nyumbani, ila legeza limu (mikono ya upinde) kwanza.

Mdau wa Texas: Usilegeze, kompaundi (upinde wa magurudumu) inakaa na limu zimekazwa miaka bila shida.
— Hapo uko sahihi. Nafuta.