Minyoo Myeupe Kwenye Kioo cha Tangi la Samaki

Ukiwasha taa usiku ukakuta vijinyoo vyeupe vimetapakaa kwenye kioo, usikimbilie dawa. Mara nyingi samaki wako hawako hatarini. Minyoo imeongezeka kwa sababu kuna chakula kinachobaki, na dawa haiondoi chakula.

Hatua ya 1: Mtambue mnyoo

Mmulike kwa tochi, umtazame kwa lenzi au kamera ya simu. Akiwa mwembamba kama uzi na anajipindapinda akiogelea, huyo ni jamaa wa nyungunyungu. Anakula masalia kwenye changarawe na hana ubaya. Planaria ni tofauti: ni bapa, kichwa chake kina umbo la pembetatu na vidoa viwili vya macho, naye huteleza taratibu juu ya kioo. Huyu hula mayai ya samaki na huweza kuua uduvi wachanga. Usimkate wala kumponda ndani ya tangi, maana kipande kinachobaki huota kichwa upya.

Hatua ya 2: Punguza chakula

Weka kiasi kinachoisha ndani ya dakika 2 hivi. Samaki wakubwa wenye afya hawadhuriki wakikosa chakula siku moja. Kama nyumba ina watoto, chagueni mlishaji mmoja. Kila mpita njia akitupia chembe zake, hamtamaliza minyoo.

Hatua ya 3: Safisha chini

Hapa ndipo kazi ilipo. Zamisha mpira wa kunyonyea maji ndani kabisa ya changarawe, usiishie juu juu. Inua mawe na mapambo, kwa kuwa uchafu hujificha chini yake. Toa robo ya maji, na urudie kila wiki. Maji mapya ya bomba yatie kwanza dawa ya kuondoa klorini. Sifongo ya filta ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Ukiiosha bombani, klorini itaua bakteria wanaoondoa amonia, na amonia inaua samaki upesi kuliko mnyoo yeyote.

Kwa minyoo ya uzi, inatosha.

Hatua ya 4: Tega planaria

Toboa matundu madogo kwenye kichupa cha plastiki, tia kipande cha nyama mbichi, kizamishe ukizima taa. Kitoe alfajiri kabla nyama haijaoza. Endelea hivyo usiku kadhaa.

Hatua ya 5: Dawa, ikibidi

Fenbendazoli, dawa ya minyoo ya mifugo, huua planaria. Wafugaji wengi hutumia takriban miligramu 0.5 kwa lita, yaani miligramu 30 kwa tangi la lita 60. Pima kiini cha dawa kilichoandikwa kwenye lebo, si uzito wa unga wote. Ondoa mkaa wa filta kwanza, na uhamishe konokono, kwani baadhi hufa. Kesho yake nyonya minyoo iliyokufa na ubadilishe sehemu ya maji. Konokono wasubiri kwanza: dawa huweza kubaki kwenye changarawe kwa muda mrefu.