Jinsi ya kufundisha Kiingereza cha meli mtandaoni bila kuwachosha wanafunzi

Walimu wenzangu wa vyuo vya ubaharia, tukipandisha PDF za grama kwenye Moodle au Google Classroom afu tukasubiri vijana wazifungue tutasubiri sana. Kijana anayetaka kuwa ofisa wa deki anataka kujisikia akiongea redioni, basi mpe hiyo redio kwenye simu yake.

Anza na SMCP, zile sentensi sanifu za mawasiliano ya meli za IMO, shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, zilizopitishwa 2001. Waambie siku ya kwanza kabisa kwamba STCW, ule mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, unamtaka ofisa wa zamu azijue, wasije wakadhani ni michezo ya simu tu.

Kila wiki zoezi moja la sauti linatosha. Mpe mwanafunzi jina la meli, pozisheni na shida, mfano moto chumba cha injini, arekodi mwito wa dharura wa chaneli 16: Mayday mara tatu, jina la meli mara tatu, kol saini (herufi na namba za kuitambulisha meli redioni), halafu Mayday tena na jina, pozisheni, shida yenyewe, msaada anaotaka, watu wangapi melini. Namba atamke moja moja, digrii 150 ni "one five zero". Rekodi aitume kwa mwenzake, na mwenzake aandike pozisheni aliyoisikia, na hapa ndo penye utamu wote, maana akiandika tofauti wanaanza kubishana nani kakosea, wanasikiliza tena, anarekodi upya mwenyewe wala hujamwambia. Ila wakataze kabisa kujaribu kwenye redio halisi, Mayday ya uongo inaweza kuwatoa waokoaji baharini bure.

Kahoot, ile app ya chemshabongo, ni nzuri kwa dakika kumi za kuchangamsha, ila tumia timu, ukishindanisha mtu mmoja mmoja wale dhaifu wanapotea taratibu. MarineTraffic, tovuti inayoonyesha meli ziko wapi, nayo naipenda sana, kila mtu anachagua meli iliyotia nanga nje ya Dar au Mombasa anaielezea kwa Kiingereza, aina yake, bendera, urefu, inakoelekea.

Bando ni ghali jamani, usiweke video za dakika arobaini. Vois za WhatsApp za dakika moja zinatosha, na wewe jibu kwa vois siku hiyohiyo, taja alichopatia afu rekebisha kosa moja tu, lile ambalo baharini lingefanya asieleweke. Mengine yaache wiki ijayo.