Kuwamba Ndege Nyepesi kwa Kitambaa, na Kulinganisha Rangi Yake

Kabla hujakata hata sentimita moja ya kitambaa cha ndege yako, tengeneza fremu tatu ndogo za mbao, kila moja ukubwa wa karatasi ya kuandikia, uziwambe kwa kitambaa kile kile utakachoweka kwenye mabawa. Kata pia vipande vitatu vya bati la aluminiamu vya ukubwa huo huo. Vitu hivi sita vitafuatana na kazi yako tangu mwanzo hadi mkono wa mwisho wa rangi, yaani tabaka la mwisho. Kila utakachopaka kwenye ndege, pakaza na hapo, kwa idadi ile ile ya mikono.

Nasisitiza hili kwa sababu ndege yangu ya kwanza niliiwaza rangi mwishoni kabisa. Nilinunua nyekundu moja, nikapuliza mfuniko wa injini uliokuwa na praima (rangi ya msingi) nyeupe, nikapuliza na kiwiliwili kilichokuwa bado na rangi ya fedha. Chini ya taa za karakana vilifanana. Tulipoisukuma ndege nje juani, pua ilikuwa nyekundu inayowaka na mwili umefifia kama umepakwa majivu. Rangi ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni kilichokuwa chini yake. Ndiyo maana katika mwongozo huu rangi inaanza siku ya kwanza.

Hatua ya 1: Shika mfumo mmoja

Kitambaa cha leo ni poliesta isiyokazwa kiwandani. Huja kwa uzito wa aina tatu hivi: karibu gramu 60 kwa mita ya mraba kwa ndege nyepesi sana, karibu 90 kwa ndege nyingi ndogo, na karibu 115 kwa zinazofanya kazi ngumu. Fuata michoro ya ndege yako.

Gundi, dawa ya kuziba vitundu vya kitambaa, rangi ya fedha na rangi ya juu zinatengenezwa kufanya kazi pamoja. Ukianza na Poly-Fiber, mmoja wa mifumo hiyo, maliza na Poly-Fiber. Usichukue gundi ya mfumo huu na rangi ya mfumo ule kwa sababu tu kopo limebaki karakanani. Rangi ya kawaida ya magari juu ya kitambaa ni kosa lingine: hukauka ikawa ngumu, kitambaa kikicheza inapasuka mistari mistari, na maji yanapita hapo.

Hatua ya 2: Kagua fremu kama hutaiona tena

Kwa sehemu kubwa hutaiona tena kwa miaka mingi. Pitia kila waya wa usukani, kila puli, kila nati na waya wake wa usalama. Piga picha ndani ya kila bawa. Hesabu vifaa vyako.

Mabomba ya chuma yawe na praima ya epoksi, na mbao ziwe na vanishi ya epoksi, kwa kuwa thina iliyomo kwenye gundi ya kitambaa huivimbisha na kuibandua vanishi ya kawaida. Vichwa vya skrubu na kingo kali zifunike kwa tepu ili zisikate kitambaa. Kati ya mbavu za bawa zungusha tepu ya kitambaa, ipite juu ya ubavu mmoja na chini ya unaofuata, ili mbavu zisiiname kitambaa kitakapokaza.

Hatua ya 3: Gundi

Anza na usukani wa mkia. Ni mdogo, na ukikosea unakivua kitambaa na kuanza upya bila hasara kubwa. Mabawa yaje mwisho, mkono ukiwa umezoea.

Kwenye bawa, weka kitambaa cha chini kwanza, halafu cha juu. Kitambaa kilale bila mikunjo lakini usikivute kama ngozi ya ngoma. Kazi ya kukikaza ni ya pasi. Pale kitambaa kinapopanda juu ya kingine, acha angalau milimita 25, na kwenye ukingo wa mbele wa bawa angalau 50, kwa sababu hapo upepo unagonga moja kwa moja. Gundi ilowe vizuri pande zote mbili za kitambaa, kisha iache ikauke kabisa kabla ya kuweka joto.

Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, siyo ile ya vumbi. Zima kila chenye cheche.

Hatua ya 4: Pasi

Hapa ndipo ndege inapopata umbo lake, na ndipo inapoweza kuharibika. Poliesta hunywea kwa joto, na hunywea kulingana na kiasi cha joto, siyo muda. Kwa hiyo kipimo cha joto ndicho kila kitu, nacho hutakipata kwenye kitufe cha pasi. Kitufe kimeandikwa pamba, hariri, sufi, na joto lake huyumba sana. Tumia kipimajoto kinachogusa uso wa pasi, weka alama kwa kalamu kwenye kitufe, na upime tena kila baada ya mapumziko.

Nyoosha kingo na pembe kwanza, kwa nyuzi 107 za Selisiasi. Halafu pita sehemu yote kwa nyuzi 120, upande wa juu na wa chini. Rudia kwa 150, pande zote mbili. Mwisho pita kwa 175. Usivuke hapo: zaidi ya nyuzi 177 kitambaa kinaanza kulegea badala ya kukaza, na kikishalegea hivyo hakirudi. Bunduki ya hewa moto isiguse kazi hii, kwa kuwa huwezi kujua joto lililofika kwenye kitambaa ni kiasi gani.

Usimalize upande mmoja ndipo uende wa pili. Ukifanya hivyo, upande uliokazwa utaivuta fremu, na eleroni (kibao kinachocheza nyuma ya bawa) au eleveta (kibao cha mkia cha kuinua na kushusha pua) ikipinda sasa, itabaki imepinda. Badilisha pande, na kila mara simama mwishoni mwa bawa ulitazame kwa urefu wake. Fremu nyepesi sana huenda isistahimili mkazo wa nyuzi 175. Kama michoro yako inasema uishie chini ya hapo, ishia hapo.

Fremu zako tatu ndogo nazo zipigwe pasi kwa mpangilio huo huo. Kitambaa kilicholegea hupokea rangi tofauti na kilichokaza.

Hatua ya 5: Kuziba, kushona, tepu

Mkono wa kwanza wa dawa ya kuziba upakwe kwa brashi ili uingie katikati ya nyuzi na kuzikumbatia. Usikandamize brashi iliyojaa, dawa itachuruzika ndani, idondokee kitambaa cha upande wa pili na kuacha madoa yasiyofichika.

Sasa shona kitambaa kwenye mbavu. Bawa linapobeba ndege, hewa hukivuta kitambaa cha juu kitoke kwenye mbavu, na gundi peke yake isitegemewe pale ambapo michoro inataka uzi. Umbali kati ya fundo na fundo unategemea mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa ndege hiyo, na unapungua sehemu inayopigwa na upepo wa propela. Jedwali lake limo katika waraka AC 43.13-1B wa mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, wa mwaka 1998. Mimi huweka alama za penseli kwa rula kabla sindano haijaingia, maana mstari wa mafundo usionyooka utaonekana hata chini ya rangi.

Funika kila mshono, kila ubavu na kila ukingo kwa tepu ya kitambaa, ukilowesha dawa chini yake na juu yake. Kwenye kingo zilizonyooka tumia tepu ya kawaida, na kwenye mizunguko tumia iliyokatwa mshazari, inapinda bila kukunjamana. Gundisha pete za milango ya ukaguzi na za matundu ya kutolea maji; matundu yakae sehemu ya chini kabisa ya kila chumba. Halafu puliza mikono mingine miwili ya dawa ya kuziba.

Hatua ya 6: Rangi ya fedha

Jua ndilo adui wa poliesta. Unga wa aluminiamu uliomo kwenye rangi ya fedha ndio unaozuia miale isikifikie kitambaa, kwa hiyo usiipunguze ili kuokoa uzito. Kipimo chake ni rahisi: zima taa za karakana, ingiza balbu ndani ya bawa kupitia mlango wa ukaguzi, tazama kwa nje. Palipo na mwanga, ongeza mkono.

Msasa laini wenye maji unaruhusiwa katikati ya mikono ya fedha. Usiupitishe juu ya mbavu, mafundo wala kingo. Hapo msasa hula kitambaa kabla hujatambua.

Hatua ya 7: Rangi

Leta fremu na mabati yako. Mabati yapakwe praima iliyo kwenye mfuniko wa injini, na fremu zimeshafika kwenye fedha. Sasa zipe zote mkono wa nyeupe hadi praima na fedha zisionekane. Njano, nyekundu na chungwa hupitisha mwanga, na kinachorudi jichoni ni pamoja na kilicho chini. Msingi mweupe mmoja juu ya kitambaa na bati ndio unaozifanya zianzie mahali pamoja.

Mimina makopo yote ya rangi moja kwenye ndoo moja, koroga kutoka chini, chuja, ndipo urudishe kwenye makopo. Makopo ya matoleo tofauti ya kiwanda huweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo utaiona pale bawa la kulia linapokutana na kiwiliwili.

Puliza fremu moja na bati moja, subiri vikauke. Rangi mbichi isikushawishi, maana nyingi hubadilika zikikauka. Vitazame juani, kivulini na jioni, ukivisimamisha wima kisha ukivilaza. Rangi mbili zinaweza kukubaliana chini ya taa na kukosana juani iwapo zimechanganywa kwa viungo tofauti. Tazama pia mng'ao: rangi ya vinyli ya kitambaa hung'aa kidogo, na poliurethani juu ya bati hung'aa kama kioo, hata rangi ikiwa sawa jicho litasema si sawa. Hapo usirekebishe rangi, rekebisha mng'ao, au tumia poliurethani yenye kulainishwa kwa ajili ya kitambaa sehemu zote. Ukitumia poliurethani ya makopo mawili, ujue ina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu, na kichujio cha kawaida hakitoshi. Pumua hewa inayoletwa kwa bomba kutoka nje.

Ikibidi kuongeza kiungo, ongeza kimoja kwa wakati, kwa mizani, uandike. Tumia fremu ya pili na bati la pili kuthibitisha. Vikikubaliana, puliza ndege nzima kwa presha ile ile na idadi ile ile ya mikono. Siku ya unyevu mwingi acha, au tumia thina inayokausha polepole, la sivyo rangi itaota ukungu mweupe.

Rangi ikikauka, pima uzani wa eleroni, eleveta na usukani wa mkia na usawa wake kwenye bawaba. Mkono wa ziada wa rangi nyuma ya bawaba unatosha kuleta mtikisiko hatari angani. Rekebisha kabla ya kuzifunga.

Fremu ya tatu na bati lake vipulizwe siku hiyo hiyo. Kimojawapo cha vile vilivyokauka kihifadhi gizani, na fremu ya tatu itundike nje, ipate jua linaloipata ndege. Siku utakapoziba kiraka miaka ijayo, linganisha na ile iliyokaa juani.