Jinsi ya Kuanza Mass Effect Bila Kuikimbiza: Saa Tano za Kwanza

Kibanda changu cha gemu kiko Kisauni, Mombasa, na wateja wengi huja kucheza mpira. Akija mtu kuniomba gemu yenye hadithi, humwekea Mass Effect ya kwanza, hadithi ya safari za angani. Kampuni ya BioWare ya Kanada iliitoa mwaka 2007. Mimi natumia Legendary Edition ya 2021, iliyokusanya gemu tatu za mwanzo. Nimeona wengi wakiiacha mapema, na karibu wote waliicheza kama mbio. Hii ni hadithi ya kusikiliza. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Tayarisha mashine, kisha masikio
Kwenye kompyuta, tenga nafasi ya GB 120. Bando la siku halitoshi, tafuta intaneti ya mwezi. Kabla ya lolote, washa maandishi ya chini ya skrini. Kiswahili hakimo, na wahusika huongea Kiingereza cha haraka. Weka daftari kando uandike majina: turian, asari, salarian na krogan ni jamii za viumbe, geth ni mashine zenye akili. Daftari hilo litakusaidia kuliko bunduki yoyote.

Hatua ya 2: Mtengeneze Shepard wako
Shepard ndiye mhusika utakayemwongoza. Jina la kwanza weka lolote, kwa kuwa wote humwita Shepard. Sauti ya mwanamke ni ya Jennifer Hale, ya mwanamume ni ya Mark Meer. Mimi humchagua Hale kila mara. Hasira na huruma zake zasikika hata katika neno moja.

Kazi ziko sita. Mgeni achukue Soldier, apambane na bunduki tu bila nguvu za ziada za kujifunza. Penye uzito ni asili ya Shepard. Earthborn alikulia mitaani hapa Duniani bila wazazi, Colonist aliwapoteza jamaa zake koloni lao liliposhambuliwa, Spacer ni mtoto wa wanajeshi aliyelelewa melini. Usibonyeze tu upite. Watu watakutajia asili hiyo baadaye, na kila moja ina kisa chake kidogo kinachokungoja.

Hatua ya 3: Piga hodi kwa kila mtu melini
Mwanzoni utaitwa ukaonane na Kapteni Anderson ndani ya meli ya Normandy. Usiende moja kwa moja. Zungumza na Pressly, na Daktari Chakwas, na kijana Jenkins.

Majibu hupangwa kwenye gurudumu. Ya upande wa kulia husogeza mazungumzo mbele, ya kushoto hukupa nafasi ya kuuliza zaidi. Kwetu Pwani huingii kwa mtu ukaanza na shida yako. Waanza na salamu, habari za nyumbani, watoto hawajambo, ndipo ueleze kilichokuleta. Cheza vivyo hivyo: malizia maswali ya kushoto kwanza.

Jibu la juu kulia kwa kawaida ni la upole, nalo hukupa alama za Paragon; la chini ni la ukali, la Renegade. Alama hizi huwekwa mbali mbali, hazifutani. Kwa hiyo jibu kama moyo unavyokutuma. Ukipata pointi za ujuzi, tia mapema kwenye Charm (ushawishi) au Intimidate (vitisho), la sivyo baadhi ya majibu mazuri yatabaki yamefungwa.

Hatua ya 4: Eden Prime
Hii ni sayari wanakoishi binadamu, na ndiko kwenye vita vya kwanza. Jifiche nyuma ya kitu, piga risasi chache chache, pumzisha bunduki. Katika gemu hii risasi haziishi, lakini bunduki hupata moto na kukataa kupiga. Upigaji wenyewe umezeeka, nakubali. Vumilia.

Hatua ya 5: Citadel, wanapokata tamaa wengi
Hiki ni kituo kikubwa angani, na kwa muda mrefu utakuwa ukitembea na kuongea tu. Mimi mara ya kwanza nilichoka, nikazima. Niliporudi usiku baada ya Isha, feni ikivuma, nikasoma polepole maelezo ya Codex, kamusi iliyomo ndani ya gemu, ndipo nilipoelewa kwa nini Baraza la viumbe wanaotawala hapo halimwamini binadamu: sisi ni wageni, tumefika juzi kwenye meza ya wengine. Tangu hapo kila mabishano yalinigusa.

Mtafute Garrus, na Wrex pia, wajiunge nawe kama wenzako wa vita. Ukiharakisha waweza kumkosa mmoja wao. Kwenye lifti, toleo jipya hukuruhusu kuruka safari. Usiruke ukiwasikia wenzako wakizungumza, maana huko ndiko wanakojuana.

Hatua ya 6: Hifadhi, kisha Therum
Katikati ya mapigano huwezi kuhifadhi, basi hifadhi kabla ya kila mlango mkubwa, kwenye nafasi tofauti. Stima iliwahi kunikatikia nikapoteza saa mbili nzima. Usifute faili ya mwisho kabisa ukimaliza gemu: maamuzi yako huingia katika ya pili na ya tatu.

Ukishakabidhiwa Normandy, fungua ramani ya galaksi, elekea Artemis Tau, utue Therum kabla ya kwingine kote. Yuko Liara huko, mwenzako mwingine wa safari, na mapema ukimpata ndivyo utakavyosafiri naye zaidi.