Mambo ya kuzingatia kabla ya kupanda Lushoto kwa pikipiki pamoja na familia

Kutoka Mombo, pale barabara ya Lushoto inapoachana na barabara kuu ya kwenda Moshi, hadi Lushoto mjini ni kilomita zipatazo 33 za lami. Mji huo uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hivyo sehemu kubwa ya mwendo ni kupanda kwa konakona, mlima ukiwa upande mmoja na bonde upande wa pili. Dereva aliyezoea mjini ataona umbali huo ni mdogo, lakini kundi la ndugu na marafiki linapaswa kwenda kwa uwezo wa dereva mwenye uzoefu mdogo kuliko wote, na wa abiria aliyempakia. Maandalizi yote yaanzie hapo.

Kwanza iamuliwe nani atampakia nani. Pikipiki ni ya dereva na abiria mmoja. Mishkaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ambayo mitaani tumeizoea mno, ni hatari kubwa mlimani, kwa sababu uzito ukizidi nyuma gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hautii vizuri kwenye kona. Mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio apande gari la abiria Mombo pamoja na bibi yake, vyakula na mizigo mikubwa, nanyi mkutane juu. Shangazi aliyezoea kukaa upande aelezwe mapema, kwa heshima, kwamba siku hiyo avae suruali ndani ya dera na kukaa kwa kutanua miguu. Ncha za kanga, mtandio na baibui zifungwe vizuri, kwani nguo ikinaswa na cheni humwangusha mtu kabla dereva hajatambua. Kila mmoja, dereva na abiria, awe na kofia ngumu inayomkaa vizuri, na mkanda wake ufungwe.

Pikipiki zifike kwa fundi siku moja au mbili kabla, ili kifaa kikikosekana kitafutwe bila haraka. Breki ndizo za kukaguliwa kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Pikipiki nyingi tunazotumia zina breki ya ngoma kwenye gurudumu la nyuma, na ngoma hiyo ikishikwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto hadi nguvu yake ikapungua, wakati ambapo ndipo inahitajika zaidi. Kila dereva afahamu kabla ya safari kwamba kushuka ni kwa gia ndogo, injini ikizuia mwendo, na breki zote mbili zikishikwa kwa vipindi. Asizime injini ili kubana mafuta. Cheni ikaguliwe isilegee wala isikaze mno. Upepo wa matairi ufuate kibandiko cha mtengenezaji, ambacho kwa kawaida hutaja kipimo cha mtu mmoja na cha watu wawili, na ukishajazwa, tone la mate kwenye mdomo wa valvu litaonyesha kama unavuja.

Masika, yaani Machi hadi Mei, si wakati wa safari hii, kwa kuwa udongo na mawe huweza kuporomoka barabarani. Juni na Julai ni miezi mizuri, ila kuna baridi, na abiria aliyetoka joto la Mombo na fulana nyepesi atatetemeka kabla ya kufika. Masweta yawekwe karibu.

Mkubaliane pia nani atatangulia na nani atafunga msafara. Anayefunga msafara ndiye abebe spana, pampu, tyubu na vifaa vya pancha, kwa sababu atakayekwama atamkuta yeye nyuma. Soni, mji mdogo ulio njiani kati ya Mombo na Lushoto, panafaa kwa kusubiriana na kunywa maji. Namba 112, ya dharura, iwe inajulikana na wote. Mkitaka kufika Irente, karibu na Lushoto mjini, kutazama tambarare iliyo chini, nendeni mapema kabla ya chakula cha mchana, maana saa kumi alasiri kila pikipiki inapaswa kuwa imekwisha kuanza kuteremka: ukungu huweza kuingia jioni, malori ya mboga yapo njiani, na giza halipaswi kuwakuta kabla hamjafika Mombo.