Tovuti ya shule inayojibu swali la mzazi: ninavyoijenga, hatua kwa hatua

Tovuti yangu ya kwanza ya shule, hapa Arua, Uganda, ilipendeza sana kwenye kompyuta ya mkurugenzi. Juu kulikuwa na picha zinazotembea zenyewe, pembeni video ya siku ya michezo, na salamu ndefu za mwalimu mkuu zenye sahihi yake. Wiki ambayo muhula ulifunguliwa, baba mmoja akapiga simu kutoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Bando lake lilikuwa limekwisha na karo alikuwa bado hajaiona. Nikamsomea karo ile ile kwenye simu, mstari kwa mstari, nikiwa na aibu yangu.

Tangu siku hiyo najenga kwa ajili ya yule baba. Mkurugenzi ndiye anayelipa, lakini yeye karo anaijua tayari.

Hatua ya 1: Kaa na mhasibu siku mbili

Usiwashe kompyuta kwanza. Chukua daftari, omba kiti katika ofisi ya mhasibu siku mbili za kwanza za muhula, andika kila swali linaloingia mlangoni na kwenye simu. Usilisafishe, liandike lilivyoulizwa. "P4 (darasa la nne) bweni ni ngapi?" "Mnachukua pesa mkononi?" "Godoro mnatoa au mtoto aje nalo?" "Nikilipa nusu atafukuzwa?" Likirudi swali lile lile, weka kijiti mbele yake.

Kila shule niliyofanya hivi, safu ya karo na ya vitu vya kubeba hujaa kabla ya chai ya saa nne. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizia historia ya shule au kaulimbiu. Daftari hilo ndilo menyu yako. Mimi hutoka na kurasa tano: Mwanzo, Karo, Kujiunga, Kalenda na Mawasiliano. Salamu za mwalimu mkuu nazo huwekwa, ila zina ukurasa wake huko ndani. Hili lisemee mapema, maana ndipo ugomvi huanzia.

Hatua ya 2: Jina, na liwe la shule yenyewe

Shule za msingi na sekondari Uganda zina mwisho wao wa anwani: .sc.ug. Vyuo hutumia .ac.ug. Chukua .sc.ug. Mzazi akiiona anajua ni shule na ni ya hapa, na tapeli hapati urahisi wa kuiga. Jina liwe fupi kiasi cha kusomwa kwenye redio bila kutaja herufi moja moja.

La maana zaidi ni nani anasajiliwa kama mwenye jina. Niliwahi kuitwa na shule ambayo anwani yake ilikuwa imesajiliwa kwa barua pepe ya mpwa wa mkurugenzi. Kijana akahamia Dubai, ada ya mwaka haikulipwa, na mzazi aliyefungua anwani ile akakutana na matangazo ya kubeti. Tulianza upya na jina jingine, huku mabango ya barabarani yakiendelea kuonyesha la zamani. Basi: barua pepe ya ofisi, namba ya simu ya ofisi, na tarehe ya kulipia iandikwe kwenye kalenda ya mhasibu, pale pale anapoandika ya umeme.

Facebook je? Shule nyingi huniambia "sisi tuna ukurasa wetu tayari". Serikali iliifunga Facebook Januari 2021, na tangu hapo wengi wamekuwa wakiifikia kwa VPN, programu ya kupita kizuizi. Tangazo la kufungua shule halifai kukaa mahali ambapo bibi wa mtoto anahitaji VPN ili alisome. Litumie kwa picha za michezo, sio kwa karo.

Hatua ya 3: Maneno kwanza, rangi baadaye

Andika kurasa zote kwenye karatasi kabla ya kuchagua hata rangi moja. Mstari wa kwanza wa Mwanzo ndio mgumu kuliko yote. Nilioukuta kwenye shule moja ulikuwa hivi:

*Karibuni kwenye tovuti yetu rasmi, kitovu cha ubora na malezi bora ya kizazi cha kesho.*

Ukifuta jina la shule, ungefaa shule yoyote kuanzia Koboko hadi Kabale. Tukaandika:

*Shule ya msingi, P1 hadi P7, kutwa na bweni. Bweni ni kuanzia P4. Muhula wa pili: tazama karo hapa.*

Mzazi ameshajua kama aendelee kusoma au afunge.

Hatua ya 4: Ukurasa wa karo

Hapa tumia nusu ya muda wako wote. Wakurugenzi wengi wanaogopa kuweka karo hadharani: "Shule jirani wataona." Wameshaona, wazee wangu. Karatasi ya karo inazunguka mjini kuanzia siku mnapoichapa. Asiyeiona ni mzazi wa mbali, na huyo akikosa bei hudhani ni kubwa, anatafuta shule nyingine.

Iandike kama maandishi ya kawaida kwenye ukurasa. Usipige picha karatasi yenye muhuri ukaipakia. Picha haisomeki kwa simu ndogo bila kuivuta huku na huku, Google haiwezi kuitegemea, na mtu asiyeona vizuri hawezi kusomewa na simu yake. Kila darasa liwe na mistari yake, kiasi kamili chenye UGX (shilingi za Uganda) mbele, kisha kilichomo na kisichomo. "Sare haimo" ni maneno mawili yanayookoa kelele nyingi getini.

Chini ya kiasi weka njia ya kulipa kama unavyomwelekeza mtu kwa mdomo: fungua menyu ya pesa kwenye simu, chagua malipo ya shule, ingiza namba ya malipo ya mwanafunzi, hakikisha jina la mtoto limetokea, ndipo uweke namba ya siri. Hicho kipengele cha jina la mtoto kiandike kwa herufi nzito. Kisha ongeza sentensi moja: shule haipokei karo kwa namba ya mtu binafsi, hata akijiita mhasibu. Msimu wa kufungua shule ndio msimu wa matapeli pia.

Orodha ya vitu vya kubeba ikae hapo hapo: fagio, karatasi za rimu, toilet pepa, jagi, kila kimoja na idadi yake. Mwisho kabisa andika tarehe karo hiyo ilipowekwa. Karo ya muhula uliopita isiyo na tarehe ni mbaya kuliko ukurasa mtupu, kwa sababu mzazi atakuja nayo mkononi kama ushahidi.

Hatua ya 5: Punguza uzito wa picha

Tuhesabu. Picha moja ya simu ya siku hizi hufika MB 4 bila shida. Ukiweka kumi kwenye ukurasa wa Mwanzo, umemwomba mzazi MB 40 ili umsalimie tu. Na bando analonunua, tangu Julai 2021 lina ushuru wa 12% juu yake.

Kabla ya kupakia, fungua Squoosh, zana ya kupunguza picha, kwenye kivinjari. Ni ya bure na haikutaki ujisajili. Punguza upana hadi pikseli 1200, chagua WebP (aina ya faili nyepesi ya picha), shusha ubora hadi 70 hivi. Picha nyingi hutoka na KB 150 au karibu na hapo, na kwenye simu huoni tofauti. Picha kumi sasa ni MB 1.5. Hata hivyo mimi Mwanzo naruhusu tatu tu: darasa likiwa na watoto wanasoma, bweni, na geti lenye jina. Picha ya geti inadharauliwa, lakini ndiyo inayomfikisha mgeni aliyepanda boda.

Zinazotembea, toa kabisa. Mzazi anapoanza kusoma, zinaondoka.

Hatua ya 6: Watoto wa watu

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka mzazi au mlezi akubali kabla ya taarifa za mtoto kukusanywa na kutumiwa. Weka mstari wa ridhaa ya picha kwenye fomu ya kujiunga, na asiyeweka tiki mwanawe asionekane. Hata kwa walioridhia, usiunganishe sura, jina kamili na darasa mahali pamoja.

Matokeo ya PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza P7, nayo yana mtego wake. Kila Januari utaombwa uweke sura za watoto watatu waliopata alama 4, ambayo ndiyo bora kabisa, basi. Mimi huomba jedwali zima: waliofanya mtihani wangapi, daraja la kwanza wangapi, la pili, la tatu, la nne, na waliokosa. Mzazi mjanja akiona watatu tu huuliza wengine wako wapi.

Hatua ya 7: Lugha na namba za simu

Darasani ni Kiingereza, na tovuti kwa sehemu kubwa itakuwa hivyo. Lakini Karo na Kujiunga ziwe pia kwa Kiswahili, na huku kwetu kwa Kilugbara. Chagua maneno ya mlipaji. Wa Kampala atasema fizi, Mkongomani atauliza minervali, kitabu kinasema karo. Mimi huandika "karo, yaani minervali" mara moja juu ya ukurasa, na anayetafuta kwa neno lake anatufikia.

Namba ya simu iandikwe kwa +256, kamwe isianze na 07. Mtu aliye Kongo au Sudan Kusini akipiga 07 haendi popote. Kiungo cha WhatsApp ni wa.me kikifuatiwa na 256 na namba, bila sifuri wala alama ya kujumlisha.

Hatua ya 8: Jenga, kabidhi, jaribu

Kujenga kwenyewe ndiko kwepesi. WordPress, programu ya bure ya kujengea tovuti, yenye muundo mwembamba inatosha, na mhasibu ataweza kubadilisha karo kwa simu yake. Hakikisha anwani inaanza na https, yaani ina cheti cha usalama. Cheti cha bure cha Let's Encrypt kinafaa. Nywila ziwe mbili, ya mhasibu na ya mwalimu mkuu, na nakala iliyofungwa kwenye bahasha ikae kwenye sefu. Mfundishe mhasibu kwa kumwachia abadilishe karo mwenyewe mbele yako, wewe mikono mfukoni.

Kisha toka getini na simu ya bei ndogo, bando lako mwenyewe, umwombe mzazi yeyote: "Mama, nitafutie karo ya P5 bweni humu." Tazama saa, usimsaidie. Akizidi dakika moja, rudi hatua ya 4. Mama wa mwisho niliyemjaribu aliipata upesi, akaigusa namba ya ofisi kwa kidole mara mbili, mara tatu. Akanirudishia simu. "Mwanangu, mbona haipigi?" Nilikuwa nimeiandika kama maandishi tu, bila kiungo cha kupigia. Nilirekebisha pale pale, nimekaa juu ya boda.